Kuandaa kipande cha umio kabla hakijaenda maabara

Juzi nilimsimamia sista mgeni katika chumba chetu cha endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa mwilini) hapa Nairobi. Daktari alikuwa akitoa uvimbe wa umio uliogunduliwa mapema, akipitia mdomoni, kifua hakikuguswa kisu. Nawaandikia tulivyofanya.

Hatua ya 1. Andaa meza. Gesi ya kupanulia umio iwe kaboni dayoksaidi, maana mwili huifyonza haraka kuliko hewa ya kawaida na mgonjwa haamki tumbo limejaa.

Hatua ya 2. Daktari ananyunyiza ayodini: utando wenye afya unageuka kahawia, penye ugonjwa panabaki pamepauka. Anapazungushia alama, anadunga maji ya chumvi yenye rangi ya buluu ili utando uinuke utengane na msuli, kisha anakata. Hapa mfuate yeye.

Hatua ya 3. Kipande kikitoka, kazi ni yako. Usikitumbukize kwenye chupa! Nilifanya hivyo nikiwa mgeni, hospitali nyingine. Kilijikunja kama jani kavu, na majibu yakarudi: kingo hazisomeki. Mama wa watu alikaa miezi hajui kama ugonjwa umeisha. Sijamsahau.

Muulize daktari palepale upande upi ulielekea mdomoni na upi tumboni, uandike kwa penseli kwenye koki, yaani kibao chepesi cha gome la mti kama la vizibo vya chupa. Tandaza kipande juu ya koki, utando ukitazama juu, upande uliokatwa ukilalia koki. Choma pini pembezoni kabisa, kila baada ya milimita chache, mbali na penye ugonjwa. Kivute kirudie ukubwa kiliokuwa nao mwilini, basi. Ukizidisha kinachanika, na ukingo uliochanika hausemi kitu. Mkono ukichelewa, kidondoshee maji ya chumvi kisikauke.

Kuhusu pini sina mjadala: ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za fundi cherehani, za Biashara Street, ni bei nafuu, lakini zikilala kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, zinaota kutu na kuchafua nyama palepale pembezoni, mahali ambapo mwanapatholojia, daktari anayesoma kipande kwa hadubini, anapatafuta zaidi.

Hatua ya 4. Geuza koki ielee kwenye fomalini ya asilimia 10, kipande kikiwa chini, kizame chote. Kikae saa 24 hadi 48. Baadaye maabara watakikata vipande vya milimita 2 na kupima ugonjwa ulichimba kina gani.

Kwenye fomu andika saa kilipoingia fomalini, si saa mgonjwa alipoingia chumbani.