Namna ya Kukadiria Msongamano wa Sokwe kwa Kuhesabu Viota

Mtu anayeondoka Mwanza kwenda Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kwa nia ya kuwahesabu sokwe mmoja mmoja huenda akarudi na daftari tupu. Sokwe 17 waliachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969, na wazao wao wametawanyika katika msitu wa kisiwa chenye takriban kilomita za mraba 240. Hata hivyo, kila sokwe aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea mahali pa kulala jioni, na kiota hicho hubaki mtini muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka. Basi tuhesabu viota.

Pangeni kwenye ramani mistari mtakayoitembea, kabla ya kupanda boti. Mstari wa kwanza uchaguliwe kwa bahati nasibu na mingine ifuate kwa nafasi sawa, yote ikitoka ufukweni kuelekea ndani, kwa sababu uoto wa kando ya ziwa haufanani na wa katikati. Msifuate vijia vilivyopo hata kama vichaka vinachosha, kwani vijia huwa vimepita palipo rahisi kupita, si mahali panapowakilisha msitu mzima.

Tembeeni polepole mkitazama juu, na kiota kilicho juu ya mstari wenyewe kisiwapite kamwe. Kwa kila kiota, simameni chini ya kitovu chake, kisha mpime kwa futikamba umbali wa pembemraba kutoka hapo hadi kwenye mstari. Wanaoanza hukosea hapa zaidi ya popote: huandika umbali kutoka pale walipokuwa wamesimama walipokiona, na hesabu yote huharibika.

Viota 60 hadi 80 hutosha kukadiria upana unaofaa wa kuonekana, yaani upana wa ukanda ambao, kama mngeviona viota vyote vilivyomo, idadi ingekuwa sawa na mliyoipata. Tuseme, kwa mfano tu, mmepata viota 64 katika kilomita 40, na upana huo ni mita 20 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 1.6, hivyo kuna viota 40 kwa kilomita ya mraba. Ikiwa kiota hudumu siku 100, na kila sokwe hujenga kimoja kwa siku, msongamano ni sokwe 0.4 wanaojenga viota kwa kilomita ya mraba. Watoto wanaolala na mama zao hawamo.

Hizo siku 100 ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Kiota kipya kina matawi yaliyokunjwa na majani mabichi, na mara nyingine kinyesi chini yake. Baadaye majani hugeuka kahawia, kisha hubaki vijiti vitupu. Kasi ya kuchakaa hutegemea mvua na aina ya mti, kwa hiyo kuazima takwimu ya msitu mwingine kunaweza kupotosha jibu maradufu. Wekeni alama viota vibichi na mvirudie hadi visitambulike. Pasipo muda huo, wekeni alama viota vyote vya kwenye mistari, mrudi kabla ya kiota chochote kipya kuwahi kutoweka, mhesabu vilivyoongezeka tu, na mgawanye kwa siku zilizopita.