Baba mpiga zeze na binti aliyemwacha: jinsi ya kupiga filamu fupi kijijini Dodoma

Hadithi hii inaenea kwenye dakika 15. Baba alikwenda Dar es Salaam kupiga muziki, binti wa miaka 11 akalelewa na bibi yake katika kijiji cha Mvumi, na sasa wawili hao wanakaa ua mmoja kwa wiki nzima. Wahusika watatu, nyumba moja, zeze moja na ngoma. Dakika 15 ni kurasa 15 hivi za skripti, na kikundi cha watu sita kinaweza kuzimaliza kwa siku nne bila kukimbizana. Ukiongeza mke mpya, kesi ya shamba na rafiki wa utotoni, huna tena filamu fupi, na binti ndiye atakayepotea kwanza.

Kabla ya kuandika mstari wowote, jiulize mtoto ana kitu gani ambacho baba hana. Skripti nyingi za aina hii huharibikia hapa. Baba anamfundisha mtoto ala, mtoto anaiweza baada ya sini mbili, wanakumbatiana. Mtazamaji haamini, kwa sababu aliyekosa ndiye bado anaongoza kila kitu. Ugogoni, yaani kwa Wagogo wa Dodoma, jibu liko tayari: ngoma za muheme. Kwa desturi ngoma hizo hupigwa na wanawake, zikiwa zimebanwa katikati ya miguu. Binti amejifunza kwa bibi yake na baba hana la kumfundisha hapo. Tena muheme hauhitaji zeze ili ukamilike, kwa hiyo ni lazima baba aombe nafasi, asubiri, akosee, aambiwe aanze upya. Filamu nzima iko humo.

Bibi awe mzaa mama. Mbele ya mama mkwe baba hawezi kupaza sauti wala kujitetea. Heshima inamfunga mdomo, nawe unamhitaji akiwa amefungwa mdomo. Na sababu ya kinyongo iwe tendo moja linalotajika: hakuja kwenye mazishi ya mama wa mtoto. Litajwe mara moja, na bibi, akiwa anachambua mboga. Usipige sini ya kumbukumbu ya msiba. Itakula siku nzima, itahitaji watu 40, na haitakuwa na nguvu kuliko mwanamke mzee anayesema jambo hilo bila kuinua kichwa.

Salamu ya kwanza iandike kwa uangalifu kuliko sini yoyote nyingine:

BINTI (anaendelea kufagia): Shikamoo.
BABA: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
BINTI: Sijambo. Bibi yuko shambani.

Shikamoo mtoto humpa kila mkubwa anayepita njiani, kwa hiyo hapa baba hajapewa chochote. Kinachokosekana ni "shikamoo, baba". Lizuie neno "baba" kinywani mwa binti mpaka karibu na mwisho, kisha litoke katika jambo la kawaida kabisa: "Baba, uzi umelegea." Asilie, na muziki usiingie chini yake. Bibi naye akimsalimia "Mbukwa", salamu ya Kigogo, baba ajibu kwa Kiswahili cha mjini, na mtu yeyote wa Dodoma ataelewa amekaa mbali kiasi gani.

Nani acheze

Mtafute mpiga zeze wa kweli umfundishe kuigiza. Kinyume chake hakiwezekani kwa wiki mbili: mkono wa upinde humsaliti mwigizaji papo hapo, na utalazimika kukata kwenda usoni kila anapogusa ala. Vikundi vya ngoma vipo vingi kuanzia Chamwino hadi Mpwapwa, na humo wapo pia wasichana wanaopiga vizuri. Mpiga ala asiyezoea kamera mpe kazi ya mikono katika kila sini ya maongezi: kukaza nyuzi, kupaka upinde ulimbo, kufunga mzigo. Akiwa na kazi, sauti yake hutulia.

Msiwakutanishe mwigizaji wa baba na mtoto kabla ya siku ya kwanza. Kila mmoja afanye mazoezi peke yake na mwongozaji, na sini zipigwe kwa mpangilio wa hadithi. Kwenye filamu kubwa hilo ni gharama, lakini ninyi mko nyumba moja, hamna cha kupoteza. Ugeni wa siku ya kwanza utaonekana kwenye picha wenyewe, na mazoea ya siku ya nne vilevile.

Mtoto asizidi saa nne mbele ya kamera kwa siku, asipige kazi usiku, na awe na mlezi wake hapo muda wote. Mzazi au mlezi atie saini mkataba. Akitakiwa kuhuzunika, msimdanganye kwamba kuna mtu wao ameugua, wala msimkaripie ili alie. Mpe kazi inayomshinda kidogo, kama kuibana ngoma kubwa kuliko yake, kisha acheni kamera ikitembea baada ya neno "kata". Uso mnaoutaka mara nyingi huja hapo.

Vibali msiviache hadi wiki ya mwisho. Skripti na kibali cha kupiga picha hupitia Bodi ya Filamu Tanzania. Kijijini mnaanza kwa mtendaji na mwenyekiti. Droni ina kibali chake, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hadithi hii haiihitaji. Nyimbo za jadi nazo zinaguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa hiyo andikianeni na kikundi kinachoimba: wimbo gani, malipo kiasi gani, filamu itaonyeshwa wapi.

Mwanga, upepo na bati

Pigeni kati ya Juni na Agosti. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na njia za vijijini hazipitiki kirahisi wakati huo. Kiangazi shida ni upepo. Maongezi ya nje yapigwe saa moja hadi saa nne asubuhi, na maiki ivae manyoya ya kuzuia upepo. Sponji peke yake haitoshi. Kuanzia saa tano jua liko juu ya kichwa na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Ingieni ndani, fungueni mlango, simamisheni shuka jeupe nje lirudishe mwanga, mwigizaji akae mita moja na nusu kutoka mlangoni. Mwanga mzuri wa jioni huanza kama saa kumi na moja na nusu na jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mna saa moja tu, kwa hiyo mazoezi ya sini hiyo yawe yamekwisha mapema.

Wekeni kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, na shata nyingine huweza kufanya taa za ndani zicheze kwenye picha. Nje, tumieni filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga, badala ya kupandisha shata. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya picha hula GB 45. Nunueni diski mbili na kila jioni nakilini kwenye zote kabla ya kufuta kadi.

Nyumba ya bati hutoa milio ya kupasuka asubuhi linapopata joto na jioni linapopoa. Kama kuna tembe ya udongo inayokaliwa, chagueni hiyo: kuta nene, kimya, na giza zuri ambalo shuka lenu litalifanyia kazi.

Sauti ya ala

Siku ya kwanza, kabla kamera haijafunguliwa, rekodini wimbo mzima wa zeze ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi. Maiki iwe sentimita 30 kutoka kwenye kibuyu, pembeni kidogo ili mkwaruzo wa upinde usiizidi nguvu sauti. Rekoda iwe 48 kHz na biti 24, kilele kisipite dB -12. Huo ndio uti wa mgongo wa filamu. Baadaye mkipiga picha za karibu za vidole, wimbo huo uchezwe kwenye spika ndogo na mpiga zeze aufuate.

Ngoma haikubali njia hiyo. Ngozi ikipata joto hukaza na sauti hupanda, ikipoa hulegea. Teki, yaani pigo moja la sini, ya saa mbili asubuhi na ya saa tano hazitaungana hata mhariri awe hodari vipi. Ianikeni juani au motoni kabla ya kila teki, na sini ya mwisho ya baba na binti ipigwe kikao kimoja bila mapumziko ya chakula. Wakae wakitazamana kwa mita mbili, maiki moja sentimita 20 kutoka kwenye zeze, nyingine mita moja kutoka kwenye ngoma. Anzeni na picha pana ya wimbo mzima, mara tatu, ndipo mkaribie.

Mkichagua marimba ya Kigogo badala ya zeze, angalieni matundu ya sanduku lake. Yamezibwa kwa utando wa buibui, na huo ndio unaotoa ule mvumo. Kidole kikiutoboa kati ya teki mbili, ala inakuwa nyingine kabisa masikioni. Mpigaji aje na utando wa akiba.

Kwenye uhariri kuna mtego unaowanasa karibu wote: kuweka kinanda chini ya zeze ili sini "iguse". Sauti za muziki wa Kigogo zinafuata mfululizo wa asili wa mitetemo, na mojawapo, ile ya saba, iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni, ambayo ni umbali kati ya vitufe viwili vya kinanda vinavyofuatana. Zikiwekwa pamoja, mtazamaji husikia zeze limepotoka, na aibu inamwangukia mpigaji ambaye hakukosea. Msilinyooshe zeze kwa programu ya kurekebisha sauti, ondoeni kinanda. Penye pengo wekeni sauti ya ua wenyewe: kuku, ufagio, upepo kwenye mibuyu. Ndiyo maana kila mahali mnapopiga, kabla ya kufunga vifaa, watu wote wanyamaze kwa sekunde 60 rekoda ikiwa wazi.