SOMO: Umeshakata bodi ya Wii? Usiwashe kwanza, pima ukinzani

Wakuu salama. Leo nashusha somo kwa wale wanaochukua Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, wanaikata madabodi ibaki kipande kinachoenea kiganjani, halafu wanajenga ya kubeba yenye betri na skrini yake. Kukata wengi sasa hivi mnaweza, shida inakuja baada ya hapo, mtu ana hamu, anaunga umeme palepale, mara kamoshi, au hakuna kitu kabisa, alafu anabaki anajiuliza chipu imekufa au ni waya tu. Maltimita ya bei ndogo ingemwambia mapema.

Kwanza muelewe shoti inatokea wapi. Ile bodi haina shaba juu na chini tu, katikati mna matabaka mengine ya shaba, mengine groundi (upande wa hasi) mengine volti, yametenganishwa na faiba nyembamba sana. Disk ya kukatia ikipita inaiburuza shaba kutoka tabaka moja mpaka lingine, kaunyoya kadogo ambako kwa macho hukaoni, ila kanatosha kuifunga 1.8V na groundi. Na adapta ya Wii ni 12V ampia 3.7, hizo ni wati 44 na ushee, betri za lithiamu ndo usiseme, zenyewe zinatoa mpaka waya uwe mwekundu.

HATUA YA 1: Pima KABLA ya kukata

Hii ndo wanairuka wengi na kwangu mimi ndo somo lenyewe. Wii ina laini 4 za umeme ambazo utabaki nazo: 1V, 1.15V, 1.8V na 3.3V. Chomoa adapta, toa ile betri ya saa ya CR2032 (watu wanaisahau halafu namba zinacheza cheza), iache bodi ikae kidogo kapasita zitoe chaji. Weka maltimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), waya mweusi kwenye groundi, mwekundu kwenye laini, andika namba.

Ila angalia unapimia wapi. Usipimie kwenye koili kubwa za pembeni maana hizo zinaondoka na vipande unavyokata, tafuta kapasita ndogo za karibu na Broadway na Hollywood, zile chipu mbili kubwa, ambazo zitabaki kwenye kipande chako, piga picha uziwekee alama za rangi. Baada ya kukata unarudi kwenye kapasita zilezile, maltimita ileile, na nyaya kwa mpangilio uleule, kwa sababu ukigeuza nyekundu na nyeusi ndani ya chipu umeme unapita njia nyingine na namba inabadilika bila tatizo lolote kuwepo.

HATUA YA 2: Kata, piga msasa, osha

Kata nje kidogo ya mstari kisha malizia na msasa. Anza na mgumu kiasi, halafu namba 400, halafu namba 1000 kupanda juu, na sugua kufuata urefu wa ukingo, usisugue kutoka juu kwenda chini maana hapo unaiburuza tena shaba ivuke matabaka. Lowesha maji kidogo na vaa barakoa jamani, lile vumbi ni la glasi, ukilivuta halina dawa. Ukimaliza osha kwa spiriti na mswaki mlaini, uache ukauke kabisa. Angalia ukingo kwa lenzi au kamera ya simu ukizumu, unatakiwa uone mistari ya shaba iliyotengana safi, ukiona sehemu imepaka paka kama rangi ya dhahabu rudi kwenye msasa.

HATUA YA 3: Pima kila laini na groundi

Gusanisha ncha za maltimita zenyewe kwa zenyewe kwanza, itasoma kama 0.2 au 0.4 hivi, hiyo ni ya nyaya, utaitoa kwenye majibu yako. Kisha pima laini zote 4.

Sasa kusoma majibu. Ikiwa namba ni ileile au imepanda kidogo, safi, kupanda ni kawaida kwa sababu umeondoa regyuleta (vifaa vinavyoshusha volti) na vikorokoro vingine vilivyokuwa vimeunganishwa sambamba na laini hiyo. Ikiwa imeshuka wazi wazi, mfano ilikuwa 40 sasa 6, kuna mahali panavuja, usiwashe. Ikisoma sawa na ncha zikigusana, hiyo shoti kamili. Na ikisoma OL, yaani haioni kitu kabisa, basi umekata njia, sehemu uliyogusa haifiki tena kwenye chipu, nayo ni kesi japo wengi wanafurahi wakidhani hakuna shoti.

Laini za volti ndogo zinazolisha chipu kubwa zina ukinzani mdogo kwa asili yake. Kwa hiyo ACHANA na mlio. Maltimita nyingi zinalia chini ya omu 30 au 50 huko, itakulilia kwenye laini nzima kabisa na wewe utaenda kusaga msasa mpaka ule njia ambazo hazikuwa na kosa. Soma namba, sauti iache.

HATUA YA 4: Pima laini kwa laini

Laini 4 zinatoa jozi 6: 1 na 1.15, 1 na 1.8, 1 na 3.3, 1.15 na 1.8, 1.15 na 3.3, 1.8 na 3.3. Pima zote. Laini mbili zikigusana zenyewe wala haziigusi groundi, kipimo cha hatua ya 3 kinaweza kukupita, halafu unawasha unaipelekea chipu ya 1V moto wa 3.3V na hapo hakuna cha kufufua.

Kama hazijagusana, jozi itasoma takriban jumla ya ukinzani wa kila moja na groundi, sababu umeme wa maltimita unashuka kwa laini moja hadi groundi unapandia nyingine. Kama moja ni 5 na nyingine 40 utaona kwenye 45 hivi, si lazima iwe sawasawa. Ukiona 0.3 ujue zimeshikana. Na dalili nyingine, laini mbili ambazo kabla zilikuwa na namba tofauti sasa zote zinasoma namba moja na groundi, huhitaji hata kuuliza.

HATUA YA 5: Umeme kidogo kidogo

Vipimo vikikaa sawa ndo unaunga regyuleta zako mpya. Zipime peke yake KABLA hazijagusa bodi, uhakikishe ya 1V inatoa 1V kweli. Kisha washa kwa pawa saplai yenye kikomo cha ampia, huna basi weka fyuzi ndogo njiani.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa nondo. Mimi nishakata tayari na sikupima kabla, nafanyaje?

Jibu: Pole kaka, si mwisho wa dunia. Kama una Wii nyingine mbovu ya modeli hiyohiyo ambayo haijakatwa, pimia hiyo kwa maltimita yako upate namba za kulinganisha. Huna, basi fanya hatua ya 4 kwa umakini, tafuta laini mbili zinazosoma namba moja na groundi, na usiwashe bila kikomo cha ampia.

Swali: Kuna jedwali la namba nimelikuta mtandaoni, zangu haziendani kabisa, bodi imekufa?

Jibu: Sio lazima. Kila maltimita inatuma volti yake wakati wa kupima na chipu sio resista ya kawaida, inasoma tofauti kwa kila kipimio. Hata ukibadilisha renji kwenye maltimita hiyohiyo namba inasogea. Jedwali la mtu likupe picha tu, anayejua bodi yako ni daftari lako.

Swali: Fundi, laini yangu inasoma omu 4. Nikigawa 1.15 kwa 4 napata kama ampia 0.29, mbona watu wanasema inakula zaidi ya hapo?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi kwa resista ila pale una chipu iliyolala. Ikiamka inafanya kazi mamilioni ya mara kwa sekunde, Broadway ni megahezi 729, ulaji wake hauonekani kwa maltimita. Ukinzani huu tunautumia kutafuta shoti, usiutumie kuchagua ukubwa wa regyuleta.

Swali: Nimepiga msasa mpaka mkono unauma, 1.8V na groundi bado 0.3. Nimekaribia kula kapasita sasa.

Jibu: Simama hapo hapo dada, usiendelee kusaga. Toa kwanza kapasita iliyo karibu kabisa na ukingo, disk huwa inazitikisa zinapasuka kwa ndani na kapasita ya seramiki ikipasuka inafanya shoti. Pima tena. Bado? Chukua pawa saplai iweke volti 1 tu, kikomo ampia 1, ingiza kwenye laini hiyo, mimina spiriti kidogo ukingoni na juu ya bodi uangalie inapokaukia haraka, pale ndo pana moto. Usipandishe kuzidi 1.8 hata ukishawishika.

Swali: Namba zote poa, volti zote zinafika, ila giza, hakuna picha wala nini.

Jibu: Umekata umekaribia sana eeh? Kama ni ule mkato mdogo kabisa, kuna kale kachipu ka U10, kakiondoka na kipande ulichotupa inabidi ukahamishe kwa vinyaya. Tumia waya mwembamba wa kopa wa waindingi ya mota, na ukishaunga rudia hatua ya 3 na ya 4, vinyaya hivyo navyo vikichubuka varnish (ile rangi inayovizuia kugusana) vinapiga shoti vilevile.