Kabla hujang'oa nanga kwa safari ya tanga, jipangie kuchelewa

Maji ya kunywa: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza nusu ya jumla. Yagawe, tangi moja likivuja umekwisha. Chakula hivyo hivyo. Dawa za kila siku, beba za mwezi wa ziada. Viza na bima ya chombo zisiishe wiki ileile unayotarajia kufika. Redio ijaribu ukiwa bado gatini, na chaneli ya 16, ile ya kuomba msaada, kila aliyemo aijue.

Hesabu ya safari ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anapima maili za bahari 120, anagawa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, anapata saa 24. Hiyo ni hesabu ya gari. Upepo ukiwa wa omo, yaani unatoka mbele, utapiga bisha, kwenda kwa mshazari huku na huku, na kwa pembe ya digrii 45 kila upande zile 120 zinafika karibu 170. Mawimbi ya usoni nayo yanakula mwendo. Hesabu saa 40, na hapo hakijaharibika kitu.

Sasa tarehe. Tulimwahidi rafiki kwamba Jumamosi atatukuta bandarini, akakata tiketi ya ndege. Alhamisi upepo ulikuwa wa omo, mkali. Utabiri ulisema Jumamosi utalegea. Tukatoka hivyo hivyo, kwa ajili ya ile Jumamosi. Bahari ilitutikisa usiku na mchana, ikatikisa na tangi la dizeli ambalo sikuwahi kulifungua tangu ninunue chombo. Tope la chini likapanda. Alfajiri ya Jumamosi, mlango wa bandari tunauona, miamba mkono wa kulia, injini ikakohoa mara mbili ikazima. Kikombe cha filta kilijaa weusi kama mashapo ya kahawa. Tukageuza, tukatoka nje kwa tanga. Mwenzangu alishika usukani, mimi nimelala kifudifudi juu ya injini ya moto, natoa hewa kwenye mabomba ya mafuta, ndoo ya kutapikia shavuni. Filta ya akiba ilikuwa moja tu. Ilidumu dakika 20.

Kisha upepo ukalegea kama ulivyotabiriwa, ukalegea kabisa, na sisi hatuna injini. Tulielea hadi Jumapili jioni, tukaingia tukivutwa na boti. Mgeni alitupokea kamba gatini, akasema, "Si mngenipigia simu tu? Ningengoja."

Kwa hiyo mgeni achague siku au bandari; vyote viwili hapati. Filta za dizeli zisipungue 4. Impela za pampu ya maji, lile gurudumu la mpira, 2 au zaidi, na uwe umeshabadilisha moja kwa mkono wako chombo kikiwa kimetulia. Fungua tangi ulisafishe. Ndiyo, linanuka.

Patana mapema nani anaweza kusema "leo hatutoki". Kwetu mmoja akikataa imetosha, hakuna kura.

Mkingoja siku nyingi nangani, kagueni kamba zinaposuguana. Mnyororo uwe mara 5 ya kina, na kina pimeni kwa maji yaliyojaa. Upepo ukizidi, ongezeni. Utabiri wa hewa wa siku saba mbele usiufungie safari. Na usitoke kwa kuwa jirani ametoka. Hujui anakwenda wapi, wala ana filta ngapi.