Namna ya Kuandika Maisha ya Kiungo Aliyetamba Mwanza

Mshambuliaji hapotei katika kumbukumbu za soka, kwa kuwa jina lake huandikwa kando ya kila bao alilofunga, na kipa hukumbukwa kwa penalti aliyopangua siku ya fainali. Anayempa mwandishi taabu ni kiungo. Luka Modrić, kiungo wa Kroatia na mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ya mwaka 2018, aliichezea Real Madrid mechi 597 na kufunga mabao 43 tu kabla ya kuhamia AC Milan mwaka 2025. Anayesoma hesabu ya mabao peke yake hawezi kufahamu kwa nini klabu ile ilitwaa mataji 28 akiwa ndani yake, sita kati ya hayo yakiwa ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ikiwa hali ni hiyo kwa mchezaji ambaye kila pasi yake ilipigwa picha na kuhesabiwa, basi kiungo aliyecheza kwenye viwanja vya Nyamagana au Kirumba jijini Mwanza katika miaka ya 1980, ambaye mechi zake nyingi hazina hata picha moja, anaweza kubaki jina tu la kutajwa vijiweni. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuandika maisha ya mchezaji wa namna hiyo, awe aliichezea Pamba, Toto African au timu ya shirika la umma iliyokwisha kufutika.

Kabla ya kwenda kwa mzee mwenyewe, andaa mifupa ya habari yake katika daftari: miaka, timu, mashindano na makocha, kwa kadiri unavyoweza kuvipata. Tovuti ya RSSSF, inayotunza takwimu za soka duniani, imehifadhi orodha za mabingwa na matokeo mengi ya zamani ya Tanzania, na magazeti kama Uhuru na Mzalendo yaliandika michezo kwa kirefu kuliko watu wanavyodhani. Katika hatua hii kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na ligi ya Tanzania Bara na, juu yake, Ligi ya Muungano iliyokutanisha timu za Bara na Zanzibar. Pamba, yaani TP Lindanda, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990. Mchezaji wa kikosi kile akikwambia kwamba walikuwa mabingwa wa nchi hasemi uongo, lakini wewe unayeandika sharti utaje ni ligi ipi, la sivyo msomaji atafungua orodha ya mabingwa wa Bara, asiione Pamba, akadhani mzee amejitungia.

Ukishapata mifupa hiyo, omba miadi kupitia mtu anayemheshimu, iwe mwanawe au mchezaji mwenzake wa zamani. Mwamkie, mpe muda wa kukuuliza wewe ni wa ukoo gani na umefikaje kwake, kisha umweleze wazi kwamba utarekodi mazungumzo kwa simu na kwamba hakuna kitakachochapishwa kabla hajakisikia. Chagua mahali penye utulivu. Mwaloni Kirumba, penye shughuli za dagaa na samaki wakavu, ni mahali pazuri pa kuwapata wazee wa soka lakini ni pabaya mno pa kurekodi; na hata uani kwake, upepo wa ziwa ukishika kasi mchana huweza kumeza sauti yote, kwa hiyo asubuhi ni bora.

Usianze kwa kuuliza alifunga mabao mangapi. Swali hilo humfanya kiungo ajione mdogo, au humfanya aongeze mabao. Muulize kwanza alikuwa akivaa jezi namba ngapi na nani alicheza mbele yake na nyuma yake. Katika soka la zamani namba ilikuwa kazi: namba sita alikuwa na wajibu wake wa kukaba, namba nane alipanda na kushuka, na namba kumi alisogea karibu na lango. Mchezaji aliyeanza kama namba kumi akamalizia kama namba sita ameshakupa nusu ya sura nzima, kwa sababu nyuma ya badiliko hilo huwapo kocha, jeraha au umri.

Sehemu yenye utajiri mkubwa kuliko zote ni pale unapomtaka aoneshe badala ya kueleza. Beba vizibo vya soda vya rangi mbili, ishirini na viwili kwa jumla, na punje ya hindi iwe mpira. Mtake achague pambano moja tu analolikumbuka vizuri, apange vikosi vyote viwili mezani kama vilivyosimama kabla ya bao kupatikana, kisha asogeze vizibo kimoja kimoja. Mzee aliyekuwa akisema kwa mkato, "Nilimpa pasi, akafunga," sasa atalazimika kukuonesha kwamba beki wa kushoto wa wapinzani alikuwa amevutwa ndani, kwamba yeye aliupokea mpira akiwa amelipa mgongo lango, na kwamba alikuwa ameshatazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Hapo ndipo umuulize maswali madogo: uligeukia upande gani? Uligusa mara ngapi? Ulijuaje kwamba winga ameanza kukimbia? Piga picha ya meza kila kizibo kinapohama, kwa kuwa ukifika nyumbani hutakumbuka kipi kilikuwa wapi. Kwa maoni yangu, bao moja lililopangwa mezani namna hii lina thamani kuliko saa nzima ya sifa.

Tarehe ni jambo jingine. Watu wachache hukumbuka mwaka wa mechi, ila karibu kila mtu hukumbuka mechi ilikuwa kabla au baada ya tukio gani. Muulize kama ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera vilivyoanza mwaka 1978, au baada ya sare ya Ndola ya mwaka 1979, pale bao la Peter Tino dhidi ya Zambia lilipoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria. Kwa waliocheza baadaye, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 ni kigingi ambacho hakuna mtu wa Mwanza anayekosea, ingawa ni vyema kukigusa kwa upole, maana yawezekana mzee alipoteza ndugu siku ile. Majina ya viwanja nayo husaidia kupima tarehe. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Kwa hiyo anayesema alicheza uwanja wa CCM Kirumba mwaka 1975 amechanganya ama mwaka ama uwanja, nawe huna haja ya kumbishia, mrudishe tu taratibu kwenye swali la nani alikuwa kocha wakati ule.

Baada ya mzee, watafute wenzake wawili au watatu, na ikiwezekana mpinzani mmoja. Mshambuliaji aliyelishwa pasi zake atakwambia ilikuwa rahisi kiasi gani kucheza naye, na beki wa kati aliyekuwa nyuma yake atakwambia kama kweli alikuwa akirudi kukaba au alibaki katikati akiwa ameshika kiuno. Mpinzani ndiye shahidi bora kwa kuwa hana sababu ya kumpamba. Masimulizi yakipingana, kwa mfano mmoja akisema mechi iliisha kwa sare na mwingine akisema walishinda, tafuta gazeti la siku iliyofuata. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia. Usipolipata, andika simulizi zote mbili na umtaje kila msimulizi.

Maisha ya nje ya uwanja yasiwe kiambatisho cha mwishoni. Wachezaji wengi wa kizazi kile walikuwa waajiriwa wa mashirika yaliyomiliki timu, wakifanya kazi asubuhi na mazoezi jioni, na kwa hiyo barua ya ajira au kitambulisho cha kazi huweza kuthibitisha mwaka wa usajili kwa uhakika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Omba kuviona pamoja na picha za kikosi, uzipige picha mbele na nyuma, maana nyuma ndiko majina yalikoandikwa kwa kalamu. Kuhusu utoto, andika yale tu yanayoeleza uchezaji wake. Modrić aliyakimbia makazi yao baada ya babu yake kuuawa vitani mwaka 1991, akaishi na familia yake katika hoteli za wakimbizi mjini Zadar, akichezea mpira kwenye maegesho ya magari, na baadaye klabu ya Hajduk Split ikamkataa kwa udogo wa mwili wake. Habari hizo zina nafasi kwa sababu zinamweleza mchezaji aliyelazimika kuamua mapema kabla hajafikiwa na mtu mwenye nguvu kumzidi. Ikiwa kiungo wako alikulia Igogo au Mabatini, kwenye miteremko yenye mawe, uliza mpira ulikuwa wa nini, uwanja ulikuwa na upana gani na mpira ulidunda vipi juu yake. Acha habari za shule alizosoma kama hazimhusu mchezaji.

Katika kuandika, anza na lile bao la mezani, kisha urudi kwenye mfuatano wa miaka. Epuka maneno kama "fundi wa mpira" na "alikuwa hatari", ambayo humfaa mchezaji yeyote. Badala ya "alikuwa na pasi kali", andika: "Alipenda kuupokea mpira kwa mguu wa kushoto na kuupiga kwa wa kulia, nyuma ya beki, kabla winga hajaomba." Fedha na ugomvi na viongozi viandike kama una shahidi wa pili, vinginevyo viache.

Rasimu ikikamilika, rudi kwa mzee umsomee yote kwa sauti, mbele ya mtu wa familia yake, ukiweka alama kila anapokusahihisha na kila anaponyamaza. Jambo aliloomba lifutwe kwa heshima ya marehemu au ya nyumba yake, lifute. Mwachie nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, rudisha siku hiyohiyo picha zote ulizoazima, na nakala nyingine uipeleke maktaba ya mkoa pamoja na orodha ya watu uliozungumza nao na tarehe za mazungumzo hayo.