Tochi iwe usawa wa jicho

Ukitaka kuona viumbe wa usiku hapo hapo uani, usishike tochi kiunoni. Iweke kando ya jicho, usawa wa shavu, kisha mulika nyasi na matawi polepole. Macho ya wengi wao yana tabaka kwa nyuma linalorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Tochi ikiwa chini, mng'ao unarudi chini nawe huambulii kitu. Kwenye nyasi, vinukta vya kijani-buluu ni buibui wawindaji, wale wasiotega utando, na ni wengi kuliko unavyodhani. Juu ya mwembe, macho mawili ya rangi ya chungwa ni komba (kama jirani anagema tembo, anza na minazi yake, komba ni mlevi wa tembo, hakosi hapo). Msimu wowote inafaa, ila kukiwa na umande mzito au mvua ikitoka kunyesha, kila tone linameta. Sogea hatua moja pembeni: tone huzimika, jicho hubaki. Kinyonga hapatikani hivi, macho yake hayang'ai. Mtafute kwa rangi, maana akilala hupauka. Komba akikutazama, shusha mwanga, usimkodolee.