Soko la kadi ishirini: kipindi cha kwanza cha mwalimu wa kujitolea

Ukialikwa kufundisha vijana biashara na uchumi, utashawishika kuanza na hadithi ya maisha yako: ulianzaje, ulianguka wapi, ukainukaje. Iweke kando kwanza. Nami nilianza hivyo. Nilijipigia debe dakika ishirini nzima, na swali pekee nililoulizwa mwishoni lilikuwa kama kipindi kinakaribia kwisha. Siku hizi naingia na kadi ishirini za mchezo wa kununua na kuuza, na wanaotoka jasho ni vijana.

Mchezo wenyewe si wangu. Mchumi Edward Chamberlin aliwachezesha wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akachapisha matokeo mwaka 1948. Mmoja wa waliocheza, Vernon Smith, aliurekebisha baadaye, na utafiti ulioanzia hapo ukamfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002. Ninaloeleza hapa ni toleo la vijana 20, wenye miaka 14 na kuendelea.

Hatua ya 1: Onana na mwalimu wa darasa

Muulize wamefika wapi katika hesabu, na mkubaliane kwamba atabaki darasani muda wote. Usikae peke yako na mwanafunzi, wala usichukue namba zao za simu. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 2: Andaa kadi

Kadi kumi ni za wanunuzi: 20, 18, 16, 14, 12, 10, 8, 6, 4 na 2. Namba hiyo ni bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kulipa. Kadi kumi ni za wauzaji: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17 na 19. Hiyo ni gharama yake, na haruhusiwi kuuza chini yake. Tumia pointi, si fedha halisi. Bidhaa pia usiipe jina. Ukisema ni viatu, watabishania viatu.

Hatua ya 3: Gawa na eleza

Kila mtu afiche kadi yake, na afanye biashara moja tu kwa raundi. Faida ya mnunuzi ni namba yake ukitoa bei aliyolipa. Ya muuzaji ni bei aliyopata ukitoa namba yake. Mfano wa ubaoni uwe wa namba kubwa, tuseme mnunuzi mwenye kadi ya 90 aliyelipa 70. Ukitaja bei ndogo, wataing'ang'ania hiyohiyo mchezo mzima.

Hatua ya 4: Fungua soko

Dakika tano. Bei zitajwe kwa sauti, wote wasikie: "Nanunua kwa 8!" "Nauza kwa 13!" Wawili wakipatana, waje mbele uandike bei yao ubaoni. Usiwaache wanong'onezane pembeni. Wanafunzi wa Chamberlin walizunguka wakipatana wawiliwawili, na bei zao zikatawanyika. Smith aliwataka wa kwake watangaze hadharani, kisha akarudia soko lilelile mara kadhaa, na bei zikaanza kusogeleana.

Raundi ya kwanza itakuwa vurugu. Mmoja atauza kwa 6, mwingine kwa 15. Usirekebishe chochote. Rudieni mara tatu au nne kwa kadi zilezile, na mtaona bei zinaelekea 10 au 11, biashara zikiwa tano hivi. Mwenye kadi ya 19 atakulalamikia kwamba anaonewa. Mwache alalamike, utamhitaji baadaye.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kueleza

"Nani amepanga bei hii?" Watatazamana. Kimya kisikutishe. Kisha wafunue kadi, uzipange ubaoni: 20 na 1, 18 na 3, 16 na 5, 14 na 7, 12 na 9. Jozi ya sita, 10 na 11, haiwezi kupatana. Sasa ndipo yaje maneno ugavi (kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa bei fulani) na uhitaji (kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kununua), jambo lenyewe likiwa limeshaonekana. Mrudie yule mwenye 19: afanye nini? Wapo watakaosema apunguze gharama, wapo watakaosema aihame biashara hiyo. Yote ni majibu ya kweli.

Hatua ya 6: Leta kodi

Tangaza kwamba kila muuzaji atalipa pointi 4 kwa anachouza. Kabla ya kucheza, kila mmoja aandike bei mpya anayoitarajia. Wengi huongeza 4 juu ya bei ya zamani, wakaandika 14 au 15. Chezeni. Bei itaelekea 12 au 13, na biashara zitabaki nne. Kodi katozwa muuzaji, lakini mnunuzi naye kabeba pointi kama mbili, na kuna biashara moja imekufa bila mtu kuiua. Tahadhari moja: nusu kwa nusu inatokana na kadi nilivyozipanga. Pale ambapo mnunuzi hana pa kukimbilia, mzigo humwelemea yeye zaidi.

Hatua ya 7: Fungueni daftari

Sasa wape mfano wa hesabu: kikundi kinatengeneza kadi za salamu. Vifaa ni 600, malighafi ni 20 kwa kila kadi, bei ni 35. Kila kadi inaacha 15, kwa hiyo 40 za kwanza zinarudisha pesa ya vifaa tu. Kisha uliza: na muda wenu umeandikwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, wanaujua usemi huo. Daftari wanalo, ila mstari wa jasho lao haumo.

Mkiwa na wiki nyingi mbele, vijana waanzishe kampuni yao ndogo, wauze hisa, wazalishe, kisha waifunge na kugawana faida. Junior Achievement, asasi ya kufundisha vijana biashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1919, imejulikana sana kwa njia hiyo. Mkiwa na saa moja tu, acha hayo, hata hatua ya 7 unaweza kuiruka. Ya kodi usiiruke. Na kengele isilie kabla hujahesabu kadi zako zote 20. Ile ya 12 ikibaki mfukoni mwa mtu, bei ya darasa lijalo haitatua unapoitarajia.